Chumvi Haiui Kila Kijidudu

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakaushaji na wachuuzi wa samaki, eneo la Magarini. Tunaichapisha kwa faida ya wakazi wote wanaouza au kula samaki wa chumvi.



Sikuja kumfundisha mtu wa Pwani kupasua papa wala kuanika ng'onda. Kazi hiyo mmeirithi. Nimekuja na swali moja linalowagharimu wengi pesa: kwa nini samaki aliyetiwa chumvi bado huharibika, hugeuka mwekundu au humdhuru mlaji?

Jibu ni kwamba chumvi haiui kila kijidudu. Huchagua nani aishi na nani asiishi, kwa sababu kila kijidudu kina kipimo chake.

Wa kwanza ni bakteria wa kawaida wanaoozesha samaki. Hawa hawawezi kuishi bila maji, na chumvi huyavuta maji kutoka kwenye nyama na kutoka miilini mwao. Chumvi ikifika kati ya asilimia 6 na 10 ndani ya nyama, wengi wao hushindwa kufanya kazi. Nasisitiza ndani ya nyama. Chumvi ya kunyunyiza juu juu huacha katikati ya samaki mnene bila ulinzi, naye huanza kuoza karibu na mfupa huku nje akionekana mzuri.

Wa pili ni wale wanaotaka chumvi kidogo. Bahari ina chumvi kama asilimia 3.5, na bakteria aitwaye Vibrio parahaemolyticus hustawi katika kiasi kama hicho. Mwaka 1950, mjini Osaka, Japani, watu 272 waliugua na 20 wakafa baada ya kula dagaa wadogo waliokaushwa nusu. Uchunguzi wa mkasa huo ndio uliomfichua bakteria huyu. Somo letu ni kwamba chumvi haba si kinga, huenda hata ikawa karamu. Bakteria huyu hapendi maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana samaki anafaa asafishwe kwa maji safi ya bomba, si kwa maji ya ufuoni.

Wa tatu hukaa kwetu sisi wenyewe, puani, mikononi na kwenye vidonda. Anaitwa Staphylococcus aureus. Huyu huvumilia chumvi ya zaidi ya asilimia 10, na sumu anayoiacha kwenye chakula haiondoki kwa kupikwa. Mwenye kidonda mkononi akifunge vizuri na avae glavu, au amwachie mwenzake kazi ya kupaka chumvi.

Wa nne ndio wanaoshangaza. Hawa hawaivumilii chumvi tu, bali hawawezi kuishi bila chumvi nyingi. Halobacterium hutaka angalau asilimia 12 hivi, na hustawi zaidi kwenye asilimia 20 hadi 25. Ukimtia katika maji baridi yasiyo na chumvi, hupasuka. Jamii yake ni miongoni mwa wanaoyapa mabwawa ya chumvi rangi ya waridi maji yanapokaribia kuganda. Huingia kwenye samaki kupitia chumvi ya bahari iliyokaushwa juani, na joto letu humfaa sana. Hapo ndipo unapofungua gunia ukakuta wekundu, utelezi na harufu mbaya. Mwenye samaki wengi huongeza chumvi akidhani anatibu. Kumbe anamwongezea adui chakula.

Sasa niseme juu ya vimeng'enya. Hivi si wadudu. Ni protini zinazofanya kazi za mwili, kama kusaga chakula tumboni. Samaki akifa, vimeng'enya vya utumbo wake havifi naye. Huendelea kuisaga nyama yake mwenyewe. Chumvi nyingi huvipunguza nguvu, lakini huchukua muda kupenya. Ndiyo maana utumbo hutolewa mapema, kabla ya chumvi. Vimeng'enya vya Halobacterium ni kinyume: vimeumbwa kwa chumvi, na ikipungua hupoteza umbo na kuacha kazi.

Kuna kimeng'enya kingine cha kuogopwa. Jodari na vibua wakikaa juani, bakteria hutumia kimeng'enya chao kutengeneza histamini. Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio. Kimeng'enya hicho chaweza kuendelea hata bakteria wenyewe wakifa, na histamini ikishaingia nyamani, haitolewi na chumvi, moto wala mafuta ya kukaangia. Kwa samaki hawa, barafu ndiyo ya kwanza; chumvi hufuata.

Tufanye nini basi?

Toa utumbo, pasua samaki mnene, osha kwa maji safi. Pima chumvi badala ya kukisia: kilo 1 kwa kila kilo 3 za samaki ni kipimo kinachofaa. Usirudie chumvi iliyokwisha kutumika, kwa maana imebeba damu, maji na bakteria wa samaki wa jana. Anika juu ya kichanja, si mchangani.

Kisha linda ukavu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuyavuta maji ya hewani, na samaki aliyekauka hulowa tena. Wakati wa masika, gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Likague mara kwa mara.

Ukiona wekundu, mtenge samaki huyo na wengine na umwite afisa wa afya ya umma au afisa wa uvuvi wa wadi yako. Usimsugue na kumpeleka sokoni. Hasara ya samaki wachache inauma, lakini mteja aliyeugua harudi, na habari zake huenea soko zima kabla ya adhuhuri.

Chumvi ni rafiki wa zamani wa Pwani yetu. Tuitumie kwa kipimo, tukijua inamzuia nani na inamlisha nani.