Habari za Kibanda Chetu cha Kukokotwa

(Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeagizwa na Halmashauri tuwaeleze habari za kibanda kilichojengwa kwa fedha zenu. Twaona ni haki yenu kuelezwa yote, yaliyofaa na yaliyotuaibisha, maana hesabu inayotaja mapato peke yake si hesabu.

Kwanza yatupasa kukumbusha sababu ya kazi hii. Kila mmoja wetu anayelima chai ajua maisha ya kituo cha kununulia majani. Mama huondoka nyumbani alfajiri, huchuma mpaka kapu lijae, kisha huja kituoni kungoja zamu ya mizani na kungoja lori la kiwanda. Nchi yetu ya Kericho na Bomet ni nchi ya mvua za alasiri, na mara nyingine ni mvua ya mawe. Banda la kituo limejengwa kwa ajili ya majani, na ni haki, kwa kuwa majani yakilowa na kurundikana huharibika. Lakini watoto wadogo waliokuja na mama zao hawana mahali. Ndipo Chama kikaazimia kujenga chumba kimoja kidogo cha watoto kupumzikia, chenye sanduku la dawa za huduma ya kwanza na meza ya daftari letu.

Mara ya kwanza tulijenga kama wajengavyo watu wote. Tulichimba msingi, tukapanga mawe, tukamwaga saruji. Kiwanja tulipewa kwa mdomo na mwenye shamba, mtu mwema, mbele ya mashahidi wa kokwet. Mwenye shamba akafariki. Warithi wake wakagawana ardhi, na sehemu ile ikamwangukia mmoja ambaye hakuwapo siku ya ahadi. Hatumlaumu. Msingi wetu hata leo u katikati ya miche ya chai, na fedha zenu zimelala chini yake.

Tulipouliza shauri tulijifunza mambo mawili ambayo yafaa kila mwanachama ayaweke moyoni. La kwanza, tangu mabadiliko ya Sheria ya Mikataba yaliyoanza kutumika mwaka 2003, mapatano ya kupeana haki katika ardhi hayawezi kudaiwa mahakamani ila yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote, na sahihi hizo zimeshuhudiwa. La pili, kitu kilichojengwa na kushikamana na ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Lakini kitu kilichokaa juu ya ardhi kwa uzito wake tu, kwa kawaida hubaki mali ya mwenye kukiweka. Kwa hiyo tukasema: ikiwa hatuna ardhi yetu, basi tusijenge kitu cha kushikamana na ardhi ya mtu. Tujenge kibanda kinachoweza kukokotwa.

Wazo hili halikupokewa na wote. Mzee mmoja alisimama katika baraza akasema, "Wanangu, watu wa nchi hii wamehamishwa vya kutosha. Nyumba inayohama si nyumba." Tulinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumjibu upesi. Wazee wetu wakumbuka habari za mwaka 1934, watu wa ukoo wa Talai walipoondolewa kwa sheria ya serikali ya kikoloni na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa. Tena wajua jinsi mtu wa kazi katika mashamba makubwa anavyokaa katika nyumba ya kampuni, na siku kazi ikiisha huiacha na funguo zake. Neno la mzee lilikuwa zito. Jawabu letu lilikuwa hili: anayehamishwa na mwingine amenyang'anywa, bali anayeweza kuondoka na kilicho chake hajapoteza. Mzee alisema atangoja kuona.

Basi tuseme habari za ujenzi. Kibanda kina urefu wa futi 12 na upana wa futi 8. Chini yake yamelala magogo mawili ya mkalatusi, kila moja futi 14, yaliyochongwa pande nne. Ncha zake zimekatwa kwa kuinuliwa, kama omo ya mtumbwi, ili yakivutwa yapande juu ya udongo wala yasiuchimbe. Juu ya magogo zimepita boriti kila futi 2, kisha sakafu ya mbao. Kila ukuta una mbao iliyopigiliwa kwa mshazari toka pembe hata pembe, kwa sababu kibanda kinachovutwa hupindika, na misumari peke yake haikizuii. Paa la mabati ni la chini, ili uzito usikae juu. Mnyororo wa kuvutia umefungwa katika magogo yote mawili, karibu na ardhi; ukifungwa ukutani, utang'oa ukuta na kuyaacha magogo nyuma.

Fundi wetu alikadiria uzito kuwa kama kilo 800. Juu ya majani makavu ya tambarare, kukikokota kwahitaji nguvu ya karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 400. Tukihesabu kilo 20 kwa kila mvutaji, ni watu 20. Mlima unaopanda futi 1 kwa kila futi 10 waongeza kilo 80, yaani watu 4 zaidi. Magogo ya mviringo yakiwekwa chini yake, kama wafanyavyo watu wa pwani wanaposhua jahazi, kazi hupungua sana.

Kuhusu ardhi isiyo sawa, tulikosa kabla ya kujua. Pale tulipokiweka kwanza, pembe tatu zilikaa juu ya mawe, na ya nne ikaning'inia. Baada ya juma moja mlango haukufunga. Hatukuwa tumejenga mlango vibaya. Sakafu ilikuwa imepindika. Tangu hapo hutumia mpira mwembazi unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kwa kuwa maji hayamwongopei mtu: ncha zote mbili husimama kimo kimoja. Twachimba upande wa juu kuliko kuinua mno upande wa chini. Twapanga mawe mapana chini ya magogo mahali pengi, wala si pembeni tu. Twayalaza magogo kuukata mlima, wala si kuufuata. Tena twachimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Katika haya hatukubuni jipya, kwani hata ghala za wimbi za babu zetu ziliinuliwa juu ya ardhi ili unyevu usizifikie.

Sasa twafika kwenye aibu yetu. Mwenye kiwanja alipokihitaji kiwanja chake, tulikubaliana kukipeleka kibanda kituo cha pili, ng'ambo ya bonde. Watu walijitokeza kwa moyo wa harambee. Katika tambarare kazi ilikwenda kwa nyimbo. Tulipofika mteremko, unaoshuka kama futi 1 kwa kila futi 4, mvua ilikuwa imekwisha kuanza na udongo mwekundu umelowa. Ilitupasa kungoja. Hatukungoja. Tena tuliyaacha magogo ya mviringo chini yake, nasi hatukuwa na kamba nyuma. Kitu kilichotusaidia tambarare kikawa adui mteremkoni. Kibanda kiliteremka chenyewe kama hatua 30, na kijana mmoja aliyekuwa mbele alivunjika mguu.

Kosa hilo si lake, wala si la mvua. Sisi tuliokuwa na daftari na kipenga ndio tuliotoa amri. Twaandika hivyo katika ripoti hii ili watakaotufuata wasome.

Kijana amepata nafuu, lakini bado hajaweza kuchuma. Kibanda kilipasuka mbao nne tu, nacho sasa kiko kituo cha pili, kimesimama sawasawa, na watoto wamo ndani. Ubao wa mshazari ulifanya kazi yake. Sisi ndio hatukuifanya yetu.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu maazimio matatu. Kwanza, kibanda kisikokotwe tena siku ya mvua, wala pasipo kamba ya nyuma iliyozungushwa mara mbili kwenye shina la mti imara na kuachiliwa polepole. Magogo ya mviringo yaondolewe kabla ya kila mteremko, na asisimame mtu yeyote upande wa chini. Pili, kila kiwanja tutakachoazimwa kiandikiwe hati yenye sahihi na mashahidi, itakayosema wazi kwamba ardhi ni ya mwenyewe na kibanda ni cha Chama. Neno hili la pili limetoka kwa mzee yule yule aliyetupinga. Alikuja kituoni, akaketi kizingitini, akauliza, "Karatasi iko wapi?" Hatukuwa nayo. Tatu, Chama kimlipe kijana yule kadiri ya majani ambayo angalichuma, mpaka daktari atakaposema amepona.

Twajua mfuko wetu si mnene, na azimio la tatu litachelewesha dirisha la kioo ambalo akina mama wameliomba. Hata hivyo twawaomba mlikubali. Dirisha laweza kungoja. Mtu aliyeumia katika kazi ya wote hawezi kuachwa apone kwa gharama yake mwenyewe.

Sasa twaliacha jambo hili mikononi mwenu, wazee na wanachama, mkate shauri.