Ribosomu Haichagui Agizo: DNA, Protini na Chanjo Iliyojaribiwa Mbeya



Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kwa Mbeya kiwango kilikuwa asilimia 9.6, na kwa Iringa asilimia 11.1. Virusi hivyo hutegemea namna seli inavyosoma DNA na kutengeneza protini, kwa hiyo hii si mada ya kuachiwa wanafunzi wa baiolojia peke yao. Huku Nyanda za Juu Kusini, ni elimu ambayo kila kaya inaihitaji.

Tuanze na kazi yenyewe ya seli. DNA imeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Nakala moja ya maagizo ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni tatu, na ndani yake mna jeni za protini zipatazo 20,000. Maagizo hayo hutunzwa katika kiini cha seli. Protini ikihitajika, kimeng'enya hufungua jeni husika na kuinakili katika RNA mjumbe, ambamo U hushika nafasi ya T. Nakala hutoka nje ya kiini na kupokewa na ribosomu, inayosoma herufi tatu tatu. Karibu kila kundi la herufi tatu huita amino asidi moja. Mwaka 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walifumbua kundi la kwanza huko Marekani: UUU, linaloita fenilalanini. Kufikia 1966 maana ya makundi yote 64 ilikuwa imejulikana: 61 huita amino asidi 20, na matatu huamuru kazi isimame.

Amino asidi huungana kama shanga katika uzi, kisha uzi hujikunja na kupata umbo. Umbo ndilo linaloipa protini uwezo wake. Katika ugonjwa wa selimundu, herufi moja ya jeni ya hemoglobini hubadilika, GAG ikawa GTG. Badiliko hilo dogo linatosha kuzifanya chembe nyekundu za damu zipinde na kuziba mishipa.

Sasa nifikie kiini cha mhadhara huu: ribosomu haichagui agizo. RNA yoyote iliyoandikwa kwa utaratibu wake, itaisoma. Virusi vya UKIMWI vinaishi kwa kutumia utiifu huo. Vikiingia katika seli ya kinga, hugeuza RNA yao kuwa DNA, kisha kimeng'enya chao kiitwacho integrasi huipachika DNA hiyo katikati ya DNA yetu. Kuanzia hapo seli huinakili kama yake, na ribosomu zetu wenyewe hutengeneza protini za adui.

Anayeelewa hatua hizi anaelewa pia dawa. Katika kidonge kimoja cha kila siku, tenofovir na lamivudine huzuia RNA ya virusi isigeuzwe DNA, na dolutegravir huzuia integrasi isiipachike. Lakini dawa hizo haziondoi DNA ambayo tayari imekwisha kupachikwa. Imelala humo, na dozi zikikatizwa huamka. Hiyo ndiyo sababu ya kumeza dawa maisha yote, hata kama mtu anajisikia mzima kabisa.

Wanasayansi waliuliza: kama seli hutii agizo lolote, kwa nini tusiipe agizo la kutukinga? Chanjo ya DNA ilizaliwa katika swali hilo. Anayechanjwa ni mtu mwenye afya. Hudungwa msulini pete ndogo za DNA zenye maagizo ya baadhi tu ya protini za virusi, si virusi kamili, kwa hiyo haziwezi kumwambukiza. Seli zake huzisoma, hutengeneza protini hizo, na mwili hujifunza kuzitambua.

Mbeya imekuwa mstari wa mbele katika safari hii. Wakazi wake walijitolea katika majaribio ya mwanzo pamoja na wenzao wa Kampala na Kericho, kisha katika yale yaliyounganisha Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2020 ulianza utafiti wa chanjo uitwao PrEPVacc, ulioongozwa na Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda. Watu 1,512 wenye umri wa miaka 18 hadi 40 walishiriki Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban. Mbeya kazi ilifanywa na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Chanjo zote mbili zilizopimwa zilikuwa na DNA ndani yake.

Novemba 2023 uchanjaji ulisitishwa, baada ya kamati huru kuona kuwa hakukuwa na matumaini ya chanjo hizo kuonyesha kinga. Habari hiyo iliumiza. Lakini tuisome vizuri. Majaribio ya awali yalikwisha kuonyesha kuwa chanjo za aina hii huufanya mwili utoe kingamwili. Ugumu uko katika protini ya ganda la virusi: hubadilika haraka mno, na imefunikwa na sukari zinazoficha sehemu zake dhaifu. Kingamwili yaweza kuishika bila kuvizima virusi. Kazi iliyobaki ni kuandika agizo litakaloleta umbo sahihi, na mwili ufundishwe hatua kwa hatua kulilenga.

Walimu wa sekondari, fundisheni somo hili mkitaja Mbeya na Iringa, ili mtoto ajue kuwa ni habari za mwili wake. Vijana, ingieni maabara. Swali hili bado halina jibu. Waliojitolea, taifa lina deni kwenu, maana bila ninyi tusingejua. Na kwa kila mmoja wetu: pima, na ukikutwa na virusi anza dawa wala usiache. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hadi chanjo ipatikane, silaha hiyo tunayo tayari, na ni wajibu wetu kuitumia.