Akili Si ya Darasani Peke Yake
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Eastlands, Nairobi)

 

Leo tuulizane: mwenye akili ni nani? Wengi tutasema ni yule aliyepata alama nyingi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini hadi leo mtoto akianguka mtihani tunamwita mjinga, tena mbele ya wageni.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, aliandika kwamba akili ni aina saba: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya maumbo, ya mwili na mikono, ya kuelewa wenzako, na ya kujielewa mwenyewe. Wataalamu wengine humbishia, wakisema baadhi ni vipawa tu.

Hapa kwetu Kenya pia watafiti, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwauliza Wajaluo wa kijiji kimoja akili ni nini. Matokeo yalichapishwa 2001. Yalitokea mambo manne: rieko, yaani maarifa na ujuzi; luoro, heshima; winjo, kuelewa namna ya kutatua shida za maisha; na paro, kuanza jambo bila kusukumwa. Kati ya hayo, ni rieko tu iliyolingana na alama za shule.

Sasa tazameni vikundi vyetu. Mweka hazina tunamchaguaje? Ati ana cheti, anajua Kiingereza. Halafu akila pesa za kikundi, je, ni kwamba hakujua kujumlisha? Rieko alikuwa nayo, luoro hakuwa nayo. Na yule mama mboga aliyeachia darasa la nne, anayekumbuka deni la kila mteja, anayejua nani amefiwa na nani anatoroka tu, huyo hatumpi kazi yoyote!

Sisemi shule iachwe. Mtoto asome, na vitabu vya pesa viandikwe sawasawa. Basi mama huyo atunze pesa, na kijana anayejua hesabu akae naye aandike.

Mkutano ujao fanyeni hivi: kila mmoja ataje jambo moja ambalo mwenzake analiweza. Katibu aandike yote, kisha mgawane kazi kwa orodha hiyo. Nyumbani nako, mtoto aliyeshindwa mtihani msimtukane. Mwangalieni anachofanya vizuri, mkamtafutie wa kumfundisha zaidi.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake.