Akimaliza Atakuwa Nani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Silver Spring, Maryland

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Ukoo. Wazee wetu wa pande zote mbili, wa Tanga na wa Mombasa. Mashangazi na wajomba. Ndugu mliosafiri kutoka Muscat, Leicester, Toronto na Minneapolis. Nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema: nawaamkia nyote.

Kamati ya maandalizi imenitaka nizungumze juu ya masomo ya shahada ya uzamili katika sera na utawala wa umma. Sababu yake mnaijua. Mpwa wangu ameomba msaada wa Mfuko wetu wa Elimu ili asome fani hiyo, na kanuni za Mfuko zinataja udaktari, uuguzi, uhandisi, kompyuta, uhasibu na sheria, kisha zinanyamaza. Barua yake ilipofika kwenye kamati, simu zilipigwa katika mabara matatu, na swali lilikuwa moja: akimaliza atakuwa nani? Daktari hutibu, mhandisi hujenga daraja. Huyu atafanya nini?

Silidharau swali hilo. Marehemu mama yangu aliniuliza lilo hilo nilipomweleza kwa simu kwamba nimerudi darasani nikiwa na umri wa miaka 41. La ajabu ni kwamba jibu lake alikuwa nalo yeye mwenyewe, katika mkoba wake wa ukili.

Wa rika langu wanakumbuka. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akafariki akiwa bado kazini, na mama akaanza kufuatilia mafao yake katika ofisi ambayo sitaitaja. Alikuwa akiondoka alfajiri na mkoba ule, na ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, barua ya mirathi kutoka mahakamani na picha za watoto watano. Mara jalada halionekani masijala. Mara limeonekana, lakini limepungukiwa sahihi moja. Mara mwenye kutia sahihi amekwenda semina. Mara jina la baba katika cheti cha kifo lina herufi isiyolingana na ile iliyomo katika barua ya ajira, hivyo arudi mahakamani akaape. Mambo hayo yalichukua miaka minne na miezi saba. Fedha zilipotoka, thamani ya shilingi ilikuwa imekwisha shuka hata zikatosha mabati ya chumba kimoja. Dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha acha shule.

Sisi watoto tulikua tukimchukia karani mmoja wa masijala. Tuliamini kwamba alikuwa akitaka chochote mkononi. Huenda alitaka, mama hakupata kulisema hilo.

Sasa niwavushe bahari. Nilipoanza masomo ya jioni katika chuo kimoja cha Washington nilikuwa nikiangalia wazee huko Bethesda kwa zamu ya usiku. Darasa lilikwisha karibu saa tatu usiku. Nikapanda treni Foggy Bottom, nikabadili Metro Center, nikaingia kazini saa tano. Kitabu nilikisoma mzee wangu akiwa amelala, na mara nyingi nililala kabla yake. Somo la takwimu lilinishinda mara ya kwanza. Nalisema hili mbele ya watoto wangu, ambao hadi leo walikuwa hawajui.

Katika muhula wa pili tulisomeshwa kitabu cha Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky kilichotoka mwaka 1973. Kinaeleza mradi wa serikali kuu ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1966 ili kuwapatia ajira watu wa mji wa Oakland, California, hasa Weusi waliokuwa hawana kazi. Fedha zilitengwa. Wakubwa walikubaliana. Hakutokea wa kuupinga waziwazi. Hata hivyo, miaka ikapita na ajira zilizopatikana zikawa chache mno. Waandishi hawakukuta mwizi wala adui. Walikuta mlolongo mrefu wa vibali na makubaliano, kila kimoja kikiwa na sababu yake, na kila kimoja kikila muda.

Mwalimu wetu akaandika hesabu ubaoni. Tuseme jalada lapita meza 10, na kila meza hulipitisha bila tatizo mara 9 katika 10. Ukiitazama meza moja peke yake, utaisifu. Lakini ukizizidisha zote kumi, uwezekano wa jalada kufika mwisho bila kukwama ni kama 35 tu katika 100. Makarani wote ni wema, na bado wajane wawili katika kila watatu wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Usiku ule nilisimama kituoni Metro Center nikaliacha treni langu lipite, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu meza za mama kwa vidole. Zilikuwa 14. Kwa hesabu ile ile, ni 23 katika 100.

Sikumsamehe yule karani kwa sababu ya hesabu, wala fani hii haisemi kwamba rushwa ni jambo dogo. Lakini nilielewa kwamba lau angefukuzwa kazi siku ile ile na kuwekwa malaika badala yake, mama angaliendelea kurudi alfajiri na mkoba wake. Dawa ilikuwa kupunguza meza, na kumpa mtu mmoja jukumu la jalada zima tangu mwanzo hadi mwisho. Ipo elimu ya jambo hilo, ina vitabu vyake na mitihani yake, na mtu huisoma kwa miaka miwili akisoma mchana kutwa, au mitatu na zaidi akisoma jioni kama mimi.

Wengi wameniuliza tofauti ya sera na utawala, kwa kuwa vyuo hutoa shahada mbili zinazokaribiana. Nitatumia mfano wetu wenyewe. Ndugu akifariki huku ughaibuni, je, Chama kigharimie kusafirisha mwili hadi nyumbani, au azikwe hapa na fedha zitumike kwa watoto aliowaacha? Kupima njia hizo mbili, gharama yake, nani atafaidika na nani ataumia, hiyo ni kazi ya sera. Kisha, tukishaamua, nani apige simu, nani apokee mchango, nani atie sahihi hundi, na hesabu isomwe lini: huo ni utawala. Mnajua wenyewe ni lipi kati ya hayo mawili lililokaribia kutuvunja.

Mtauliza kwa nini hapa, na si Mzumbe au Kabete. Mzumbe palianza kufundishwa watumishi wa serikali za mitaa mwaka 1953, na leo ni chuo kikuu kamili. Kabete, nje ya Nairobi, pamefundisha watawala wa Kenya tangu mwaka 1961. Anayeishi nyumbani na asome huko, kwani ada ni nafuu na sheria atakazosoma ni zile atakazozitumia. Lakini mpwa wangu anaishi Hyattsville, na mji huu una vyuo vya fani hii vingi kuliko haki yake: American, ambacho kimekuwa na kitivo cha mambo ya umma tangu mwaka 1934, George Washington, Georgetown, George Mason upande wa Virginia, na Maryland kule College Park. Mwalimu wa jioni aghalabu ametoka ofisini dakika chache zilizopita, na anafundisha jambo ambalo mchana limemshinda.

Tena, mambo yenyewe yako mlangoni. Nikienda darasani nilipita karibu na majengo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shirika hilo ndilo ambalo Tanzania ilikubaliana nalo mwaka 1986 baada ya mabishano ya miaka mingi. Sisi nyumbani tuliyajua makubaliano yale kwa bei ya unga.

Somo lililonifaa zaidi, hata hivyo, sikulipata katikati ya jiji. Nililipata Rockville, makao ya Kaunti ya Montgomery, ambayo ndiyo kaunti tuliyoketi ndani yake sasa. Kila Machi mtendaji mkuu wa kaunti hutoa mapendekezo ya bajeti. Aprili wananchi husikilizwa. Baraza hupitisha kabla ya Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wazee mtatabasamu, maana Kenya, Uganda na Tanzania nazo huanza mwaka wa fedha tarehe hiyo hiyo. Nilikaa nyuma ya ukumbi nikamsikia bibi mmoja akitetea basi linalompeleka kliniki. Alipewa dakika chache, maneno yake yakaandikwa, na diwani mmoja akamuuliza swali. Sikukaa kujua kama basi lile lilibaki. Nilichokifikiria ni Mombasa na Kwale. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma; kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ni haki yao. Ibara imeandikwa vizuri. Lakini lazima awepo mtu wa kuandaa ukumbi, kuifasiri bajeti kwa lugha ya mwananchi, na kuhakikisha kwamba aliyoyasema yamefika kwenye meza ipasayo.

Wala sisi si wa kwanza kuunganisha mji huu na pwani yetu kwa fani hii. Ralph Bunche, aliyeanzisha idara ya sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1928, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1934 juu ya utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey. Baadaye, mwaka 1937, alipokuwa London, alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta, kisha akasafiri hadi Kenya. Mwaka 1950 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwalimu wa utawala aliona haja ya kujua lugha ya wanaotawaliwa. Ningependa walimu wangu wote wangekuwa hivyo.

Sasa nifike kwenye fedha, kwa kuwa mjomba wetu wa Muscat ameandika barua kali na anastahili jibu. Anasema serikali ya Marekani yenyewe inawafukuza watu wa fani hii. Siwezi kumwambia kwamba amekosea. Mwezi Februari 2025 ulifutwa mpango uliokuwa ukiwaingiza wahitimu wa uzamili serikalini tangu mwaka 1977. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo USAID, iliyoanzishwa mwaka 1961, iliacha kazi. Katika mji huu hakuna mtaa ambao haukuguswa. Aidha, sheria ya mwaka 2025 imepunguza mikopo ya serikali kuu kwa wanaoanza uzamili kuanzia Julai 2026. Katika vyuo binafsi vya hapa ada ya shahada nzima inapita dola 60,000. Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi huonyesha kwanza fedha za mwaka mzima, na wakati wa masomo haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kwa kijana atokaye nyumbani bila ufadhili, nisingeshauri.

Lakini huyu ni mkazi wa Maryland, na chuo cha jimbo humtoza mkazi ada ndogo zaidi. Atasoma jioni bila kuacha kazi. Na serikali si ile ya katikati ya jiji peke yake: kuna majimbo, kaunti, miji, mamlaka za maji na hospitali, na zote zina bajeti na majalada. Mimi mwenyewe leo ni mchambuzi wa bajeti katika serikali moja ya mtaa upande huu. Mshahara wangu haumfikii mpwa wetu muuguzi. Hilo nalikiri mbele yake.

Ombi lenyewe ni nusu ya ada ya mwaka wa kwanza, kwa masharti kwamba matokeo ya kila muhula yaletwe kwenye kamati. Barua yake imechapishwa katika kijitabu hiki. Isomeni kabla ya kura itakayopigwa baada ya chakula.

Jambo la mwisho, Mheshimiwa Mwenyekiti. Msichana huyu ni mtoto wa dada yangu yule aliyeacha shule. Mwenye maslahi katika shauri huyatangaza, halafu hutoka nje wakati wa kuamua. Kwa hiyo sitapiga kura, na swali lolote mtakalokuwa nalo muulizeni yeye mwenyewe, amekaa pale safu ya tatu. Mimi nitakuwa uani kwenye jiko la mishikaki hadi mtakaponiita.