Anayekutaka Ndiye Anayelipa Nauli

Maneno haya yalisemwa na komite mbele ya mkutano wa memba wa Kasongo na Kabambare. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya memba ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu wanaotusoma wakiwa mbali.

Wazee wetu, wababa, wamama, na ninyi vijana, jambo kwenu wote. Aksanti kwa kuacha mashamba na kuja. Tunajua wengine mmetoka Kabambare kwa pikipiki na mmelala njiani kwa sababu ya matope. Aksanti tena.

Leo hatuanzi na hesabu. Mtunza sanduku atazisoma baadaye. Tunaanza na basketi, ule mpira wa kutupa kwenye kikapu. Tunaona wazee wengine wanacheka. Subirini kidogo, mtaona basketi imeingia mpaka ndani ya sanduku letu.

Vijana wawili wa chama wametuandikia barua kuomba mkopo. Kuna mtu anawapigia simu, anasema yeye ni wakala, amewapatia timu ya ng'ambo. Anataka feza za dosye, za viza na za majaribio. Kiasi anachotaka kwa kila kijana kingenunua mabati ya nyumba mbili. Mama wa mmoja wao amekwisha kuuza mpunga aliouweka kwa mbegu. Ndiyo maana tumeona si jambo la kujibu kwa karatasi tu. Tulisema kwanza tuulize: hii kazi ya kucheza ugenini inaendaje kweli kweli?

Tuanze na Wamarekani wenyewe, kwa sababu vijana wetu wanafikiri Mmarekani hana shida. Ligi yao kubwa, NBA, ina timu 30, na kila timu ina nafasi 15 za mkataba wa kawaida. Zidisheni: ni watu 450 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 300. Kila mwaka timu zinachagua wachezaji wapya wasiozidi 60, na hao wanatoka dunia nzima. Basi wale wengine wanaojua mpira wanakwenda wapi? Wanafunga mizigo. Wanakwenda Italia, Uturuki, Uchina, Israeli, na siku hizi hata Afrika. Tangu 2021 iko ligi ya klabu za Afrika, BAL, iliyoanzia Kigali na timu 12. Mwaka ule ule Mmarekani J. Cole, mwimbaji wa rap, alikuja kuchezea Patriots ya Rwanda. Kigali si mbali na sisi. Mnaona? Na Mmarekani naye anakuja kutafuta kwetu.

Mmoja wao alikuwa Joe Bryant. Alicheza NBA misimu minane, kuanzia 1975 mpaka 1983. Nafasi ilipokwisha kwao, 1984 alichukua mke na watoto watatu, wakahamia Italia. Alichezea klabu za miji midogo, kama Rieti na Pistoia, akihama kutoka mji huu kwenda ule, miaka karibu saba. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka sita walipofika. Alisoma shule ya Waitalia, akasema lugha yao kama mwenyeji. Waliporudi Marekani 1991 alikuwa karibu kijana, na ilibidi ajifunze upya namna watoto wa kwao wanavyoongea. Mtoto huyo alikuwa Kobe Bryant, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua. Sisi tuliolea watoto Nyarugusu au Lugufu, kisha tukawaleta huku ambako wenzao wanawacheka kwa Kiswahili chao cha Tanzania, hadithi hiyo tunaielewa bila kuelezwa.

Sasa tuseme juu ya mkataba. Mchezaji wa ugenini mara nyingi anasaini msimu mmoja tu. Klabu inamlipia tiketi ya ndege na inampa nyumba ya kukaa. Akivunjika goti, au timu ikishindwa mara nyingi, anaweza kufukuzwa na mwingine akaletwa. Na kuna klabu zisizolipa. Kesi za mishahara ziliongezeka mpaka FIBA, shirika la basketi la dunia, likaanzisha mahakama maalumu ya usuluhishi huko Geneva mwaka 2007. Wamarekani wengi wamekwisha kupeleka kesi zao pale. Ikiwa mtu mwenye pasipoti ya Marekani na mwanasheria anaweza kukosa mshahara wake, kijana wa Kasongo asiyekuwa na karatasi hata moja mkononi atamshitaki nani?

Msiseme tunawakatisha tamaa. Tunataka muone pia njia nzuri inavyokuwa, na tunayo mifano ya Wakongo wenzetu.

Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi, 1992. Ni mtoto wa upande wetu huu wa Kiswahili. Akiwa na miaka 16 alikwenda kucheza mashindano ya vijana Yemen. Hapo alionwa na kocha Mreno, Mário Palma, ambaye wakati ule alikuwa anafundisha Jordani. Kocha huyo ndiye aliyemfungulia njia ya Hispania, kwenye klabu ya Fuenlabrada. Alianza na timu ya chini, akapanda mpaka ligi kubwa mwanzoni mwa 2011. Mwezi wa nne mwaka ule, katika mchezo wa vijana bora huko Portland, alifunga pointi 12, akadaka mipira 11 na kuzuia mipira 10. Miezi miwili baadaye akachaguliwa wa 7 kuingia NBA, akaenda Charlotte. Hata hapo haikuwa rahisi, kwa maana klabu ya Hispania ilikuwa na mkataba wake, na ilibidi mambo ya feza yamalizwe kati ya pande mbili.

Angalieni vizuri hadithi hiyo. Alionwa akicheza, mbele ya watu, na kocha mwenye jina na kazi inayojulikana. Halafu klabu zikabishana nani amlipe nani kwa ajili yake. Anayekutaka ndiye anayelipa nauli. Hata sisi tukimwita fundi wa kuezeka, hatumwambii atulipe kwanza ndipo apande juu ya paa.

Wa pili ni marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Huyu hakuondoka kwa ajili ya mpira. Alikwenda Marekani 1987 kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kwenye chuo cha Georgetown ndipo kocha John Thompson alimwingiza kwenye timu. Alichaguliwa NBA 1991 na akacheza misimu 18, mpaka 2009. Mara nne alitajwa mlinzi bora wa ligi. Mama yake alifariki Kinshasa wakati wa vurugu bila kufikishwa hospitali. Mtoto akajenga hospitali yenye vitanda 300 huko Masina na kuipa jina la mama, Biamba Marie Mutombo. Ilianza kupokea wagonjwa 2007. Mutombo alifariki tarehe 30 mwezi wa 9, 2024, akiwa na miaka 58, na hospitali inabaki. Biyombo naye, baada ya kumpoteza baba yake, alitangaza 2022 kwamba mshahara wake wa msimu ule kwa Phoenix utakwenda kujenga hospitali Kongo.

Tunataja hospitali si kwa kusifu matajiri. Tunataka kusema kwamba hawa watu walirudisha kitu baada ya kupata. Hakuna aliyeuza mbegu za mama yake ili aanze.

Sasa tufike kwa kosa letu. Ndiyo, letu sisi komite. Msimu uliopita kijana mwingine alikuja na hadithi kama hii hii. Tulimpenda, ni mrefu, anacheza vizuri, anasali na sisi. Tulitoa mkopo kwenye sanduku bila kuuliza swali hata moja la maana, na bila kuwaita ninyi. Alifika Kampala. Simu ya wakala ikazimwa. Alibeba matofali huko muda mrefu ili apate nauli, akapita Bujumbura, Uvira, Baraka, Fizi, na sehemu kubwa ya njia ya kufika Kabambare akaifanya kwa miguu. Wakati ule ule mjane mmoja wa Kabambare alikuwa anangoja mabati, na tulimwambia sanduku ni tupu. Alipitisha mvua chini ya hema la plastiki. Kijana yupo hapa leo, ametupa ruhusa kusema bila jina lake. Mjane pia yupo. Mama, mbele ya wote, tunakuomba msamaha. Na wewe kijana, deni hilo si lako peke yako. Sisi tulisaini.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mapendekezo manne. Ninyi ndio mtaamua.

La kwanza: sanduku la chama lisitoe tena feza za kumlipa wakala, kwa mchezo wowote. Wakala wa kweli anachukua sehemu ya mshahara baada ya kazi kuanza, au klabu inamlipa. Akitaka feza kabla, jibu ni hapana.

La pili: kijana yeyote akipata mwaliko, alete karatasi kwa komite. Tutaangalia mambo haya. Jina la klabu, na je, klabu yenyewe ikipigiwa simu inamjua? Wakala ana leseni ya FIBA? Leseni hizo zinaweza kuhakikishwa. Nani analipa tiketi na nyumba? Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na nani amemtafsiria? Halafu, mchezaji anayehama nchi kwenda kucheza anahitaji barua ya ruhusa kutoka shirikisho la nchi anayotoka. Na kwa sheria ya FIBA, mtoto chini ya miaka 18 hahamishwi nchi hivi hivi, ila kwa ruhusa ya pekee. Mmoja wa vijana wetu hawa wawili ana miaka 17. Wakala hakumwambia hilo.

La tatu: tusiseme hapana halafu tukaenda kulala. Vijana wanahitaji mahali pa kuonekana. Tunaomba sehemu ndogo ya michango inunue mipira na kutengeneza vikapu viwili vya chuma, kimoja Kasongo, kingine Kabambare. Fundi wa kulehemu amekubali kufanya kazi kwa bei ya memba. Yule kijana aliyerudi amekubali kufundisha wadogo. Wafadhili wetu, tunawaambia wazi: feza zenu za mabati hazitaguswa kwa jambo hili.

La nne: yule mama arudishiwe mbegu kabla ya kupanda. Si mkopo. Kila memba alete kopo moja la mpunga, kama tunavyofanya kwenye likelemba. Sisi sote tumekwisha kurudi kutoka mahali fulani tukiwa mikono mitupu, na kuna mtu alitupa mbegu ya kwanza.

Vijana wetu wawili, tunajua mna hasira. Mngependa tuseme ndiyo. Hatusemi hamtafika. Tunasema atakayewataka atakuja na tiketi, na siku hiyo chama kizima kitawasindikiza mpaka uwanja wa ndege. Na mkirudi, iwe na hospitali au na begi tupu, mtatukuta hapa.

Aksanti. Sasa mtunza sanduku asome hesabu.

Baada ya maneno haya: memba walikubali mapendekezo yote manne. Mpunga ulianza kuletwa jioni ile ile. Kijana mmoja aliondoka kabla ya kura, na wazee wawili wamekwenda kumwona nyumbani.