Kuitafuta Nasaba ya Ukoo wa Marafiki

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya nasaba, yaani jinsi mtu awezavyo kuwafuata wazee wake nyuma, kizazi baada ya kizazi.

Jambo hili lilitujia hapa Gerezani, barazani kwa mzee jirani yetu, mtu wa Pemba. Mzee huyo husimulia kwamba bibi mzaa bibi yake alikuwa mtumwa katika mashamba ya karafuu. Alipopata uhuru akafanya kazi Banani, karibu na Chake Chake, katika shamba la wamisionari walioitwa Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quaker. Kijana mmoja mwanafunzi akamwuliza, “Babu, nimesoma kwamba koo za Marafiki wajua wazee wao hata vizazi vinane. Mbona nasaba yako yakomea kwa bibi huyo? Na wahenga wasema, mwacha asili ni mtumwa.” Mzee akanyamaza. Nasi tukaona haya kumwacha bila jibu.

Kwanza tujue Marafiki ni watu gani. Chama chao kilianza Uingereza katikati ya karne ya 17, na kiongozi wao mkubwa alikuwa George Fox. Mwaka 1682 William Penn, aliyekuwa mmoja wao, alifika koloni la Pennsylvania huko Marekani, na jamaa nyingi za Marafiki wakahamia huko. Pemba walifika mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani Hamud bin Muhammed alipotoa amri juu ya utumwa. Mwaka 1902 Marafiki wengine, waliotoka Marekani, walifika Kaimosi katika Kenya.

Basi mtu atakaye kuutafuta ukoo wa walowezi wa Pennsylvania aanze wapi? Aanze katika vitabu vyao. Makarani wa mikutano yao waliandika kuzaliwa, kuoana na kufa kwa watu wao. Rafiki alipohama, mkutano wake ulimwandikia barua apeleke kwenye mkutano mpya. Kwa kuzifuata barua hizo twaweza kumwona mtu akitoka kijiji cha Uingereza mpaka ng’ambo ya bahari. Na arusi zao hazikuwa na padre. Bwana na bibi arusi walisimama wakaahidiana mbele ya watu, kisha waliohudhuria wakatia sahihi katika hati. Hati moja yaweza kutupa wajomba, mashangazi na majirani pamoja.

Lakini njiani mna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni hesabu ya siku. Marafiki hawakupenda majina ya siku na miezi yaliyotokana na miungu ya kale, kwa hiyo walitaja hesabu tu. “Siku ya kwanza” kwao ni Jumapili. Mswahili akifuata hesabu yake ataandika Jumamosi, naye atakosea. Tena, kabla ya mwaka 1752 Waingereza waliufungua mwaka tarehe 25 Machi, na mwezi wa kwanza wa Marafiki ulikuwa Machi. Aliyeandikwa kuzaliwa mwezi wa pili mwaka 1701 alizaliwa Aprili, wala si Februari. Jambo hili lisitushangaze, kwa maana hata sisi mtoto aliyezaliwa Mfunguo Mosi hakuzaliwa Januari. Kila watu wana mlango wao wa kuingilia mwaka.

Mtego wa pili ni watu waliotolewa. Zamani Rafiki aliyeoa nje ya chama aliweza kufukuzwa, na desturi hiyo ililegezwa Uingereza karibu na mwaka 1860. Aliyefukuzwa pengine haonekani tena kitabuni, wala watoto wake. Mtafutaji mzembe husema, “Amekufa bila mtoto,” kumbe yu hai kijiji cha pili, ana wana saba.

Hapo ndipo tulipopata jibu la yule kijana. Ukoo wa Marafiki wajulikana kwa sababu palikuwa na karani na kitabu, wala si kwa sababu damu yao ni bora. Yule bibi wa Pemba hakuiacha asili yake, alinyang’anywa. Watumwa wengi walipewa na mabwana zao majina mapya, kama Mabruki, Faida au Baraka. Hata amri ya mwaka 1897 haikuwafanya huru wote mara moja. Ilimpasa mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Na jina alilofika nalo mbele ya karani laweza kuwa ndilo jina lile la utumwani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, na hasa ninyi wanafunzi, chukueni daftari mwende kwa wazee wangali hai. Andikeni jina, mahali, na nani aliyewaambia. Ulizeni watani wa ukoo ni nani, na nani huitwa kwanza panapokuwa na maziko, maana mambo hayo huhifadhi undugu uliosahauliwa. Msipojua, acheni nafasi wazi. Msiijaze kwa sultani wala kwa sharifu ili mwonekane wakubwa. Mwandikeni na aliyefukuzwa. Mwandikeni na aliyekuwa mtumwa, kwa maana aibu ni ya aliyemwuza.

Tulimweleza kijana haya mbele ya mzee. Baada ya siku chache mzee akamwita, akamwambia jina alilozaliwa nalo yule bibi, na kwamba kwao ni Uyao. Alikuwa amelificha jina hilo miaka yote kwa kuogopa kuchekwa. Kijana akaliandika juu kabisa ya ukurasa. Hatutalitaja hapa, kwa kuwa ni mali ya nyumba yao.

Kwaherini.