Mshahara wa Mwalimu Hulipwa na Nani?

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe, katika ukumbi wa kanisa huko Likoni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Wazee wangu, kina mama, vijana, asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Wengine mmefunga vibanda, na wenzetu wa Kisauni na Changamwe mmesimama kwenye foleni ya feri mpaka miguu ikauma. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Nimeombwa niseme juu ya mishahara ya walimu na pesa za shule. Kusema kweli, mwanzoni niliuliza: vikundi vya kuku na merigoraundi vina haja gani na habari hiyo? Mama mmoja mweka hazina ndiye aliyenijibu. Alinifungulia daftari akasema, "Mwalimu, tazama mwezi wa kwanza. Mikopo hii yote watu wamesema ni ya biashara. Haikwenda kwenye biashara. Ilikwenda shule." Nikanyamaza. Kwa hiyo leo tutazame pesa hiyo inatoka wapi, na kwa nini inatoka kwenu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1997 hapa Likoni hatuhitaji kukumbushwa. Agosti ile kulikuwa na vita, watu wamelala katika uwanja wa kanisa na vifurushi vyao, na shule hazina watoto wala walimu. Jeraha halijapona, mwezi wa Oktoba walimu wa nchi nzima wakagoma. Nilikuwa darasani wakati ule, nami nikaweka chaki chini. Chama chetu cha KNUT kilikuwa chini ya Katibu Mkuu Ambrose Adongo. Tulikaa nje karibu wiki mbili. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba, na serikali ya Rais Moi haikutaka kwenda kwenye kura na walimu zaidi ya laki mbili wamenuna. Ikakubali nyongeza ya mshahara ambayo kwa wengine ilifika asilimia 200, ilipwe kwa awamu ndani ya miaka 5.

Hayakuwa maneno ya jukwaani tu, jamani. Yaliandikwa katika Tangazo la Kisheria Nambari 534 la 1997. Tangazo la namna hiyo likishatolewa lina nguvu ya sheria. Sisi tulishangilia. Kuna walimu waliokwenda kukopa mabati siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kiini cha habari kiko hapa. Sheria ya kulipa iliandikwa, lakini pesa ya kulipa haikutafutwa. Awamu ya kwanza tulipata. Uchaguzi ukapita. Ilipofika awamu ya pili, mwaka 1998, serikali ikasema hazina ni tupu. Walimu wakagoma tena Oktoba hiyo, wakarudi darasani mikono mitupu.

Tena likaja jambo ambalo wengi hatukuliona wakati ule, kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye payslipu. Mwaka huo huo wa 1998 serikali ilifunga ajira mpya za walimu. Kwa miaka mingi baadaye walioajiriwa walikuwa wa kujaza tu nafasi za waliostaafu, waliokufa au walioacha kazi. Watoto wanaongezeka, vitongoji vinaongezeka, watu wanahamia Mishomoroni, Bamburi, Mtongwe na Miritini, lakini idadi ya walimu imesimama pale pale. Tulidai mshahara, na ulikuwa haki yetu, sijuti. Lakini bajeti ambayo haikuandaliwa ilikwenda kulipiwa na mtoto aliyekaa darasani bila mwalimu.

Mzazi naye alifanya nini? Alifanya kile mnachofanya mpaka leo. Akachanga. Akaajiri mwalimu wa PTA, ambaye siku hizi anaitwa mwalimu wa bodi.

Mwaka 2002 walimu waligoma tena, karibu mwezi mzima, na mwaka huo pia ulikuwa wa uchaguzi. Serikali ya Narc ilipoingia ilikubali deni, lakini muda wa kulipa ukasogezwa: miaka 5 ikawa 10. Januari 2003 ikaleta elimu ya msingi bila malipo. Nani asiyekumbuka siku zile? Watoto wa shule za msingi walipanda kutoka kama milioni 5.9 mpaka milioni 7.2. Babu mmoja wa huko Eldoret, Kimani Maruge, aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na zaidi ya miaka 80. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Zilikuwa za vitabu, chaki na matengenezo. Za kuongeza walimu kwa wingi ule wa watoto hazikuwemo. Mlango ulifunguliwa wazi, na ajira bado zilikuwa zimefungwa.

Na wale wazee waliostaafu kati ya 1997 na 2003? Pensheni zao zilipigiwa hesabu kwa mshahara wa zamani, kana kwamba Tangazo 534 halikuandikwa. Walikuwa zaidi ya 50,000. Walikwenda mahakamani Nakuru, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikasema wana haki. Hata baada ya hukumu wameendelea kuzunguka ofisini, na wengi wamekufa wakingoja. Ukimwona mwalimu mzee wa siku zile mtaani anauza mkaa, usimcheke.

Hadithi hiyo imejirudia. Juni 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 mpaka 60. Serikali ikasema haina uwezo, shule zikafungwa wiki kadhaa, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Lakini mwaka uliofuata walimu na TSC, yaani ile Tume ya kuajiri walimu, walikaa chini wakaandikiana mkataba wa shilingi bilioni 54 kwa miaka 4, kuanzia Julai 2017. Huo ulilipwa. Ulikuwa mdogo kuliko ndoto, lakini ulikuwa na fungu lake katika bajeti. Mimi nauheshimu zaidi kuliko 534, ingawa wenzangu wengine wananuna nikisema hivyo.

Namwona mama pale nyuma anatikisa kichwa. Unasema, "Mwalimu, hayo ni ya Nairobi." Haya, tuyalete nyumbani.

Chukua shule ya mfano, siitaji jina. Ina watoto 480, na walimu wa bodi 3. Kila mmoja analipwa shilingi 8,000 kwa mwezi, na ninyi mnajua kwamba kwa nyumba za Likoni hiyo ni kodi, unga na nauli ya siku chache. Watatu ni 24,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 288,000. Kila mtoto atatozwa shilingi 600. Mwenye watoto wanne atatoa 2,400. Sasa chukua kikundi cha kina mama 25 wanaochanga shilingi 100 kwa wiki: ni 2,500. Ili kufikisha zile 288,000 watachanga zaidi ya miaka 2 bila mtu kupokea hata senti. Hizo ndizo pesa ambazo zingekuwa mabanda ya kuku.

Na kwenye sekondari ni hivyo hivyo. Kiwango cha serikali kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa kiliwekwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliliambia Bunge kwamba pesa zilizopo zinafika kama 16,900. Tofauti ni zaidi ya 5,300 kwa kila mwanafunzi. Mwalimu mkuu hawezi kuzichapisha. Atakuiteni mkutano.

Kwa hiyo msimlaumu mwalimu wa bodi. Huyo kijana amesoma, ana cheti, amepewa nambari ya TSC, na analipwa pungufu ya mtu anayebeba mizigo Kongowea. Wala sisemi mwache kumlipa kesho asubuhi, maana darasa litabaki tupu na watoto ni wenu. Nasema mlipe huku mkidai nafasi yake iingie kwenye orodha ya serikali.

Mtadai kwa nani? Hapa tunapotea sana. Nimeona ujumbe wa wazazi ukienda kwa mwakilishi wa wadi, na wengine mpaka kwa gavana, kudai walimu wa shule ya msingi. Mnachoka bure. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Mwalimu wa msingi na wa sekondari ni wa serikali kuu, na anaajiriwa na TSC, ambayo tangu Katiba ya 2010 imewekwa katika kifungu cha 237. Pesa zake zinapitishwa na wabunge. Kwa hiyo wa Likoni mna mbunge wenu. Waliokuwa Kisauni wajiulize kwanza kama sasa wako Nyali, na wa Changamwe kama wako Jomvu, maana tangu uchaguzi wa 2013 maeneo hayo yamegawanywa.

Anzeni shuleni. Muulizeni mwalimu mkuu, kwa adabu, watoto ni wangapi, walimu wa TSC ni wangapi, na wanaopungua ni wangapi. Muulizeni kama hesabu hiyo imefika kwa afisa wa TSC wa kaunti ndogo, na lini. Mkipewa nakala, iwekeni kwenye faili la kikundi. Shule ambayo wazazi wake hawajui upungufu wao hupigwa chenga wakati nafasi zinagawanywa.

Halafu mwaka wa serikali unaanza Julai mosi. Kabla ya mwisho wa Aprili makadirio ya matumizi huwa yameshafikishwa Bungeni, na kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi. Barua ya kikundi yenye mhuri, majina na zile hesabu za shule ni maoni. Ikifika mwezi wa Agosti ni kilio tu. Walimu wa muda wa sekondari ya chini walipiga kelele mitaani mwaka 2024, lakini 46,000 kati yao walipata ajira ya kudumu Januari 2025 kwa sababu fungu liliingizwa kwenye bajeti.

Jambo la mwisho ni risiti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi hana mchango. Mchango mwingine unahitaji idhini kutoka juu, na lazima utolewe risiti rasmi. Mimi mwenyewe nimewahi kulipia wajukuu wawili katika shule moja ambayo sitaitaja, nikapewa kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari. Mwaka uliofuata nikadaiwa tena. Ningesema nini?

Basi kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe anajua kuandika vizuri, waende shuleni juma lijalo. Kikao chetu kijacho waje na zile nambari tatu na risiti za mwaka huu, tuzijumlishe hapa mbele za wote. Barua tutaiandika pamoja, na padre amekubali tutumie taipu ya ofisi.

Naona mkono umeinuliwa kule kwa watu wa Mtongwe. Mama, simama, uliza.